Duka Lako Likifungwa, Kapu Lako Litaenda Wapi? Somo Kutoka Karatina

Mmoja wetu hapa ofisini amezaliwa na kulelewa Karatina. Mwaka mmoja, katikati ya Novemba, mama yake alitoka nyumbani asubuhi kwenda kununua vitu vya wiki katika supamaketi aliyoizoea kwa zaidi ya miaka kumi. Alipofika alikuta mlango wa chuma umeshushwa, na soja ameketi nje kwenye kreti ya soda.

"Mathe, hawa walishafunga," soja alimwambia. "Hata mimi sijui kama nitalipwa."

Ndani ya mkoba wake Mama alikuwa na kadi ya pointi. Alikuwa amezikusanya tangu Januari, na zilikuwa zimefika thamani ya shilingi 2,300 hivi. Pointi hizo zilikuwa na kazi yake tayari: unga wa ngano wa chapati, mafuta, mchele na sukari ya siku ile watoto wote watakapokuwa nyumbani. Jioni alimpigia binti yake simu. Hakulia wala kulalamika sana. Alisema tu, "Hiyo ilikuwa Krismasi yangu."

Tumeandika makala hii kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia, kwa sababu tunajua wengi wetu tuna duka moja tunalolipenda. Tunajua chumvi iko rafu gani, na tunamjua yule dada wa kaunta kwa jina. Siku duka hilo likifungwa, likihama au likipandisha bei, hatujui pa kuanzia. Basi tunaingia duka la karibu, tunalipa tunachoambiwa, na mwisho wa mwezi tunashangaa pesa zimeenda wapi.

Si Karatina peke yake

Kenya imeyaona haya mara nyingi. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2006 kabla ya kufufuliwa, kisha ikayumba tena miaka iliyofuata. Nakumatt, ambayo jina lake linatokana na Nakuru Mattresses, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki ilipokuwa kileleni. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Tuskys, ambayo nayo ilisajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses, ilianza kufunga matawi moja baada ya jingine mwaka 2020, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kutoweka mitaani.

Kampuni zote hizi zilikuwa kubwa, zenye majina ambayo hata mtoto wa darasa la pili aliyatambua. Ndiyo maana somo la kwanza halihusu bei: usiache pesa zako zikae ndani ya duka.

Pointi ni pesa zako. Vocha ya zawadi ni pesa zako. Kiasi ulicholipa kidogo kidogo kwa ajili ya friji ambayo bado hujaichukua ni pesa zako. Kampuni ikianguka, sheria ina foleni yake ya kulipa: kuna gharama za wasimamizi, kuna wenye mikopo iliyo na dhamana, kuna wafanyakazi, kuna ushuru. Mteja mwenye vocha mkononi husimama nyuma kabisa, na mara nyingi foleni haimfikii.

Dalili huonekana mapema. Mama alikumbuka baadaye kwamba tangu Septemba, rafu nzima iliyokuwa na aina sita za sabuni ilikuwa imepangwa chupa za maji mwanzo hadi mwisho, ili isionekane tupu. Mkate ulikuwa ukiisha saa nne asubuhi. Mara mbili aliambiwa mashine ya pointi "iko chini". Ukiona mambo kama hayo dukani kwako, tumia pointi na vocha zako siku hiyo hiyo. Hata kama duka litapona, hutakuwa umepoteza chochote.

Kwanza jua ulichokuwa ukinunua

Baada ya Krismasi, Mama alihamia duka lingine lililo karibu na stendi ya matatu. Ilipofika Machi aliona anatumia pesa zaidi kuliko zamani, na haelewi kwa nini. "Vitu vimepanda," alisema. Kweli, vitu hupanda. Lakini tulitaka kujua ni vitu gani, na kwa kiasi gani.

Hapo ndipo simu yake ilipotusaidia. Kwa kuwa alikuwa akilipa kwa simu karibu kila kitu, tuliomba taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Huduma nyingi za pesa kwa simu hukutumia taarifa hiyo ukiiomba kupitia programu ya simu. Tuliifungua, tukachukua kalamu tatu za rangi tofauti, tukakaa mezani na chai.

Katika mwezi mmoja tulihesabu malipo 19 kwa duka lile jipya. Kati ya hayo, 11 yalikuwa chini ya shilingi 300. Mama mwenyewe alishangaa. Alikuwa akijiona kama mtu anayefanya ununuzi mkubwa mara moja kwa wiki. Kumbe nyingi zilikuwa zile safari za "nilipita tu": sukari robo, mafuta kidogo, mkate, halafu biskuti moja kwa sababu iko hapo kaunta.

Jambo la pili tuliloliona lilimuuma zaidi. Alikuwa akinunua nyanya, karoti, viazi na kabeji supamaketini, zikiwa kwenye trei za plastiki, ilhali anaishi dakika kumi na tano kutoka soko la Karatina.

Tulimuuliza kwa nini. Alifikiria kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nimezoea. Nikishaingia pale, nanunua kila kitu nimalize."

Hilo ndilo jibu la makala nzima. Duka tunalolipenda mara nyingi halituvutii kwa bei, bali kwa mazoea: kila kitu kiko mahali pamoja, na hatuhitaji kufikiria. Kwa hiyo ukianza kutafuta duka jingine *moja* la kuchukua nafasi ya lile la zamani, utapata mazoea mapya tu. Usiulize "duka gani ni rahisi?" Uliza "kitu gani ninunue wapi?"

Gawa kapu lako mara tatu

Tulichora mistari miwili kwenye karatasi tukapata safu tatu.

*Safu ya kwanza: vitu vibichi.* Mboga, matunda, viazi, vitunguu. Kwa mtu wa Karatina hapa hakuna mjadala. Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya wazi nchini, na siku zake kubwa ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kabeji, viazi na vitunguu huteremka kutoka upande wa Kieni, mchele huja kutoka Mwea katika kaunti jirani ya Kirinyaga, na maharagwe na ndengu hufika kutoka maeneo makavu ya chini. Kadiri kitu kinavyopita mikono michache kabla ya kukufikia, ndivyo unavyopata nafasi ya kuongea bei.

Saa ya kwenda nayo ina maana. Asubuhi unachagua vizuri lakini bei ni ngumu. Kuanzia saa kumi jioni, mwenye nyanya zilizoiva hataki kurudi nazo nyumbani, na utasikia mwenyewe: "Kastoma, chukua hizi zote, nipe mia." Ukizipika siku hiyo au kesho yake, umepata. Ukitaka za wiki nzima, nenda asubuhi ukubali kulipa zaidi.

*Safu ya pili: vitu vikavu.* Mahindi, maharagwe, ndengu, mchele, sukari, majani chai. Hivi havina haraka, na hapa ndipo maduka ya nafaka na maduka ya jumla yanapofaa. Nyeri ni nchi ya chai, na Mathira penyewe kuna kiwanda cha Ragati. Uliza majirani zako wanaopeleka majani kiwandani wao hunywa chai gani na huinunua wapi. Unga wa mahindi nao una njia mbili: pakiti ya kilo mbili, au kununua mahindi yako na kuyapeleka kwenye kisiagi. Njia ya pili inaweza kuokoa pesa, lakini inataka mahindi makavu kabisa, yasiyo na ukungu. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoxin. Kama viwanda vinaweza kukosea, basi nasi tunaosaga wenyewe tuwe waangalifu zaidi. Mahindi yenye rangi ya kijani au harufu ya unyevu usiyachukue hata ukipewa kwa nusu bei.

*Safu ya tatu: vitu vya pakiti.* Sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, pedi, tishu. Hapa supamaketi bado ina nguvu, hasa siku za ofa, na baadhi ya maduka makubwa yana bidhaa zenye jina la duka lenyewe ambazo mara nyingi huwa na bei ya chini. Mama hakuacha kwenda supamaketi. Alipunguza tu, kutoka mara 19 kwa mwezi hadi mara mbili, akiwa na orodha mkononi.

Pima kwa kilo, si kwa macho

Sasa tufanye hesabu kidogo. Usitoroke, ni hesabu ya darasa la nne. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, si za duka lolote. Weka za kwako.

Tuseme sukari robo kilo ni shilingi 50, kilo moja ni 170, na kilo mbili ni 320. Kwa macho, shilingi 50 ndiyo rahisi. Lakini robo nne ni shilingi 200. Kwa hiyo anayenunua robo robo analipa 200 kwa kilo, wa kilo moja analipa 170, na wa kilo mbili analipa 160. Sukari ni ile ile. Kama nyumba yako inatumia kilo sita kwa mwezi, wa robo robo atalipa 1,200 na wa kilo mbili atalipa 960. Tofauti ni shilingi 240.

Fanya hivyo hivyo na mafuta. Tuseme ya kupima ni shilingi 35 kwa mililita 100, na mtungi wa lita tatu ni 900. Ya kupima inakuja 350 kwa lita. Ya mtungi ni 300.

Tunajua utasema nini: "Mimi sina hizo 900 kwa wakati mmoja." Ni kweli, na hatutajifanya hatulioni. Watu hawanunui kadogo kwa kutojua hesabu. Wananunua kadogo kwa sababu pesa huja kadogo. Ushauri wetu ni huu: usijaribu kubadilisha kila kitu mwezi mmoja. Chagua kitu *kimoja*, kwa mfano sukari. Kila unapopokea pesa, weka shilingi 40 au 50 kando kwenye akiba ya simu, mpaka zifike za kununua kilo mbili. Ukishavuka hapo, zile unazookoa kwenye sukari zitaanza kukununulia mafuta.

Neno kuhusu gorogoro. Mkebe huu unajulikana kama wa kilo mbili, lakini kumbuka unapima ujazo, si uzito. Mkebe uliobonyea chini, au muuzaji anayesawazisha juu kwa mkono wakati jirani yake anajaza mpaka mlima, vyote vinabadilisha kilo unazopeleka nyumbani. Fanya hivi mara moja tu: nunua gorogoro ya maharagwe kwa muuzaji wako wa kawaida, kisha omba kuyapima kwenye mizani ya duka la nafaka. Ukishajua kipimo chake kina kilo ngapi, utaweza kumlinganisha na pakiti ya supamaketi bila kubahatisha. Na kama kipimo chake ni kizuri, mwambie. Muuzaji mwema anastahili kujua kwa nini unarudi kwake.

Ada ndogo zinazokula faida

Hapa tunaingia kwenye eneo letu wenyewe, na tutasema ukweli hata kama unatugusa.

Mama alipoanza kwenda sokoni, alidhani lazima awe na pesa taslimu. Kwa hiyo kila siku ya soko alipita kwa wakala akatoa shilingi 500. Mara mbili kwa wiki, mara nane kwa mwezi. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Mara nane ni shilingi 232 kila mwezi. Hiyo ni kilo ya sukari na chenji juu.

Angetoa shilingi 2,000 mara mbili, ada ingekuwa shilingi 58 tu. Na kama anayemuuzia ana nambari ya Till ya kawaida, Mama hahitaji kutoa kabisa, kwa sababu mteja anayelipa kwa Till halipi ada. Ada hulipwa na mwenye biashara. Kumtumia muuzaji kwenye nambari yake binafsi ni jambo tofauti: hapo unakatwa ada ya kutuma, ambayo kwa viwango hivyo hivyo ni shilingi 7 kati ya 101 na 500, na hakuna ada kwa shilingi 100 kushuka chini.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi:

- Uliza kwanza, "Uko na Till?"
- Kama hana, na unanunua kwake vitu kadhaa, lipa mara moja kwa jumla badala ya kutuma vipande vipande.
- Kama lazima utoe taslimu, toa ya wiki mbili kwa mara moja, kisha uigawe nyumbani kwenye bahasha. Usitembee sokoni na zote.

Kuna faida nyingine ya kulipa kwa simu ambayo watu huisahau. Kila malipo yanabaki kwenye taarifa yako. Pesa taslimu ikishatoka mfukoni haiachi alama. Mama asingejua zile safari 19 kama angekuwa akilipa kwa noti.

Muuzaji mpya, tahadhari mpya

Katika duka lako la zamani ulijua Till yao kwa kichwa. Sasa unalipa watu wapya kila wiki, na soko lina kelele, matope na haraka. Makosa hutokea. Chukua sekunde kumi:

1. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Likija jina usilolitarajia, simama na umuulize muuzaji. Vibanda vingi husajiliwa kwa jina la mwenye biashara, si jina lililo kwenye ubao, kwa hiyo jina tofauti si lazima liwe wizi. Lakini kuuliza hakuna ada.
2. Usiondoke kabla ya ujumbe wa uthibitisho. Uone kwenye simu yako, na muuzaji auone kwenye yake. Ukilipa mara mbili kwa sababu mtandao ulikuwa taratibu, taarifa ya miamala itaonyesha.
3. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, usingoje. Kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa zinavyoweza kutumika.
4. PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, wakala wala mfanyakazi wetu anayeihitaji. Macho yako yakisumbua, vaa miwani au nenda na mtoto unayemwamini, usimpe mtu wa kibandani simu akubonyezee.
5. Bidhaa ya pakiti iangalie alama ya KEBS na tarehe ya mwisho ya kutumika. Ofa kubwa kwenye kitu kinachoisha wiki ijayo ni ofa tu kama utakimaliza wiki hii.

Nunueni pamoja, gawaneni vizuri

Kama huwezi kununua gunia, majirani wanne wanaweza. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu zao la viazi zinataka viazi vifungashwe kwa gunia lisilozidi kilo 50. Ukikutana na lile gunia lililoongezwa shingo kwa wavu, jua kwamba hujui unanunua kilo ngapi.

Mama na wanawake watatu wa chama chake walianza na gunia moja la viazi. Mmoja hukusanya pesa kwa simu kabla ya siku ya soko, hununua, kisha huwatumia wenzake picha ya risiti au ya ujumbe wa malipo. Anayekusanya hubadilika kila mwezi. Sheria yao ni moja: *hakuna pesa, hakuna viazi.* Inaonekana kali, lakini Mama anasema ndiyo imewafanya wabaki marafiki. "Deni la viazi linaweza kuvunja chama kuliko deni la benki," alituambia.

Si kila kitu kilienda vizuri

Tungekudanganya tukisema mpango huu haukuwa na hasara. Mwezi wa kwanza walinunua neti nzima ya vitunguu kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Mama akaviweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya sinki. Baada ya wiki tatu, karibu theluthi vilikuwa vimeoza. Kitu cha bei rahisi kinachooza ni kitu cha bei ghali. Sasa huvitandaza juu ya gunia mahali penye hewa, na hununua vya wiki mbili tu.

Mara nyingine alipanda matatu kwenda Nyeri mjini kwa sababu alisikia kuna ofa ya sabuni. Aliokoa shilingi 120 kwenye sabuni, akatumia zaidi ya hizo kwa nauli, na akala chakula cha mchana hotelini kwa kuwa njaa ilimkuta huko. Tangu hapo ana swali lake kabla ya safari yoyote ya ununuzi: "Hii ofa italipa nauli yangu?" Kama jibu ni hapana, anabaki Karatina. Kama ana shughuli nyingine Nyeri siku hiyo, hapo ofa inakuwa na maana.

Kuna pia muda wake. Kuzunguka soko huchukua saa nzima, wakati supamaketi ilichukua dakika ishirini. Kwa Mama, ambaye amestaafu, saa hiyo ni mazungumzo na marafiki. Kwa wewe unayetoka kazini saa kumi na mbili na watoto wanakungoja, huenda kulipa zaidi kidogo karibu na nyumbani ni uamuzi sahihi. Ufanye tu ukijua unalipa ngapi kwa ajili ya nini.

Matokeo

Baada ya miezi miwili tulifungua taarifa tena, na kalamu zetu tatu. Matumizi ya chakula na vitu vya nyumbani yalikuwa yameshuka kutoka shilingi 14,200 kwa mwezi hadi 12,350. Ni shilingi 1,850. Nyumba yako itakuwa na hesabu yake, labda chini, labda juu. Lakini hakuna aliyelala njaa, na chai bado ina sukari.

Zile 1,850 hakuziacha kwenye kadi ya duka lolote. Kila mwisho wa mwezi anazihamisha kwenye akiba ya simu aliyoipa jina "Desemba". Tulimuuliza kama analikosa duka lake la zamani. Akasema ndiyo, analikosa, hasa yule dada wa kaunta ya tatu aliyekuwa akimuuliza habari za watoto kila mara. Siku moja alimkuta sokoni akiuza mboga na ndizi, ana Till yake mwenyewe. Sasa ndizi hununua kwake.

Anza wiki hii

Usisubiri duka lako lifungwe. Fanya mambo matatu kabla ya Jumapili:

- Omba taarifa ya miamala ya mwezi uliopita, uhesabu ni mara ngapi ulilipa katika duka moja.
- Chagua kitu kimoja unachonunua kila wiki, tafuta bei yake kwa kilo au lita katika sehemu tatu, uandike.
- Angalia pointi na vocha zako zote. Kama zinatosha kununua kitu unachokihitaji, zitumie.

Ukimaliza, mwite mtu mmoja nyumbani mkae na hiyo taarifa mezani. Leteni na chai, mtakaa hapo kwa muda.